Sodo Moja kwa Wasichana Wote?

Agosti ya mwaka shufwa ikifika, Wabukusu wa Bungoma na wenzao wa Trans Nzoia hupeleka wavulana jandoni. Njuga za chinyimba husikika barabarani, wajomba hutembelewa, na kijiji kizima hujua ni nani anayeacha utoto. Dada yake anapovunja ungo, habari haivuki mlango wa jikoni. Ananong'onezwa, anapewa sodo, anaonywa asimwambie mtu.

Wasichana wengi hulijaza somo hilo la nusu kwa kuchungulia wenzao na kubahatisha. Mwenye usonji mara nyingi hana njia hiyo. Mafumbo humpita, na akiambiwa tu kwamba sasa amekuwa mtu mzima huku damu inamtoka, ana kila sababu ya kudhani ameumia.

Serikali ya Kenya haijalala katika jambo hili. Mwaka 2004 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo. Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa ili kila msichana aliyebaleghe na kuandikishwa katika shule ya umma apewe sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Ni sheria nzuri. Lakini kelele zinazopigwa kila mwaka huhusu pakiti: ngapi zimefika, ngapi zimekwama. Ni nadra mtu kuuliza kama aliyepewa sodo anaweza kuivaa.

Swali hilo si la anasa. Mwaka 2018, Robyn Steward, Mwingereza mwenye usonji, pamoja na watafiti wenzake, walichapisha majibu ya watu 123 wenye usonji na 114 wasio nao kuhusu hedhi. Wenye usonji walieleza kwamba siku hizo huzidisha yale yanayowasumbua siku zote: mwanga, sauti na mguso huwa vikali zaidi, na kutuliza hisia hushindikana. Gundi ya sodo, mchakarisho wa plastiki, harufu ya damu na chupi iliyobadilika uzito vinaweza kumvuruga mtu kiasi cha kushindwa kukaa darasani. Wengine huchelewa kutambua maumivu ya tumbo au hukosa namna ya kuyataja. Mtoto anajigonga kichwa ukutani, na mwalimu anaandika kwamba ni mtundu.

Hapo mtu atasema suluhisho ni vitambaa laini vya pamba, vinavyofuliwa na kutumiwa tena. Kwa baadhi, ndiyo. Ila Kitale, mjini Trans Nzoia, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake ndefu huanza Machi au Aprili na kuendelea kwa miezi. Kitambaa kilichofichwa chini ya kitanda kwa aibu hakikauki, na kikivaliwa kibichi humkera hata asiye na usonji.

Ndiyo maana wazazi wengine hutamani njia ya mkato: sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu, kwa matumaini kwamba hedhi itakatika. Hofu yao haipaswi kudharauliwa. Mama anayelea peke yake, anayefua matandiko usiku na kuogopa binti yake atanajisiwa, hahitaji mahubiri. Lakini sindano haimzuii mbakaji. Huzuia mimba tu, na mimba wakati mwingine ndiyo ushahidi unaofichua uovu. Isitoshe, katika miezi ya mwanzo sindano hiyo mara nyingi huleta matone ya damu yasiyo na ratiba, na kwa anayetegemea ratiba hayo yanaweza kuwa mabaya kuliko siku tano zinazojulikana. Inaweza kumfaa mwenye maumivu makali, baada ya daktari kumweleza yeye mwenyewe kwa lugha anayoielewa. Kufunga kizazi ni jambo jingine kabisa: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unalinda haki yao ya kubaki na uwezo wa kuzaa.

Nepal ilijaribu njia ya subira. Kampeni iliyoitwa Bishesta ilifanyiwa majaribio na vijana kumi wenye ulemavu wa akili pamoja na walezi wao, kwa hadithi za picha, mwanasesere aliyevaa sodo, na mifuko ya kuhifadhia sodo. Si kila mwenye usonji ana ulemavu wa akili, lakini mbinu ya kuonyesha badala ya kunong'ona inawafaa wote. Fundi cherehani wa Bungoma anaweza kumshona mwanasesere huyo kwa vipande vya vitambaa. Bado lazima somo litangulie damu: mtoto azoee kuvaa sodo kavu kwa dakika chache, aweke alama kwenye kalenda, achague mwenyewe kati ya aina mbili au tatu.

Uchaguzi huo utagharimu zaidi kuliko kununua aina moja kwa wingi. Hata hivyo, sodo inayovuliwa na kutupwa chooni baada ya dakika kumi nayo imelipiwa.

Kuna pia msichana ambaye sheria ya 2017 haimwoni kamwe, yule asiyeandikishwa shule yoyote kwa sababu jamaa zake walikata tamaa au kitengo maalumu kiko mbali. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wamepewa vifaa vya kuzungukia nyumba. Wanapima presha na kuuliza kuhusu chanjo. Waulize pia kama kuna binti ndani, na nani anamsaidia mwezi ukifika.