Hasira ya Abiria na Grisi ya Ekseli

Jioni ya tarehe 15 Desemba 2011, saa ambayo watu wa Singapore hutoka makazini, treni za umeme zilikwama ghafla ndani ya mahandaki yaliyo chini ya katikati ya mji. Umeme ulikatika, hewa ikawa nzito, na joto likapanda hata abiria mmoja akavunja dirisha kwa mtungi wa kuzimia moto ili wenzake wapate kupumua. Wengine waliteremshwa wakatembea kwa miguu kando ya reli mpaka kituoni. Siku mbili baadaye, tarehe 17, treni zikakwama tena katika njia ile ile. Kwa siku hizo mbili watu zaidi ya 200,000 waliharibikiwa na safari zao. Tarehe 6 Januari 2012 Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya SMRT iliyoendesha treni hizo, Bibi Saw Phaik Hwa, alijiuzulu.

Kwa watu wengi kisa kiliishia hapo: treni imeharibika, mkubwa ameondoka, haki imetendeka. Kwa maoni yangu hapo ndipo kisa kilipoanza, na mtu anayetaka kujua sayansi inahusiana vipi na uwajibikaji wa wakubwa hana budi kukifuatilia miaka mingi zaidi.

Hasira ya abiria ilikuwa ya haki. Walilipa nauli, wakaahidiwa usafiri, wakapata giza. Hasira hiyo ilichochewa pia na habari za mkurugenzi mwenyewe, aliyetoka katika biashara ya maduka, na ambaye chini yake kampuni ilisifika kwa kuongeza mapato ya kukodisha vyumba vya maduka vituoni. Wananchi walisema kwamba kampuni imejifunza kuuza ikasahau kutunza reli. Mrithi wake, Desmond Kuek, alikuwa amepata kuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Na huyo alipoondoka mwaka 2018 akaja Neo Kian Hong, naye pia aliyekuwa Mkuu wa Majeshi. Manung'uniko yakabadilika: kwanza mwenye duka, kisha majenerali, mhandisi yuko wapi? Swali hilo lina uzito wake, lakini si kiini cha jambo. Mhandisi naye aweza kutia sahihi karatasi asiyoisoma.

Tutazame kwanza kitu chenyewe kilichoharibika. Treni za njia ile hupata umeme kutoka katika reli ya tatu, inayokwenda sambamba na zile mbili zinazobeba magurudumu. Kila behewa lina chuma kama kiatu kinachoteleza juu ya uso wa reli hiyo na kuupokea umeme. Reli ya tatu hushikiliwa kwa vibanio vya chuma mithili ya makucha. Mtikisiko wa treni, siku baada ya siku, uliyalegeza makucha hayo. Machache yalipochomoka mahali pamoja, reli ikabonyea, na viatu vya treni zilizopita vikaigonga na kuvunjika. Ilijulikana baadaye kwamba mahali pengine makucha yaliyokwisha kulegea yalikuwa yamefungwa kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya, eti kwa muda. Tume ya Uchunguzi ilisikiliza mashahidi hadharani, na taarifa yake ya Julai 2012 ilionyesha upungufu katika utaratibu wa matunzo. Kampuni ikatozwa faini ya dola milioni 2 za Singapore.

Basi mkurugenzi alikwisha ondoka, faini imelipwa. Je, makucha yalijua? Chuma hakina habari ya kujiuzulu kwa mtu. Tarehe 7 Julai 2015 njia mbili kuu zilisimama kwa pamoja jioni kwa zaidi ya saa 2, safari hii kwa sababu ya maji yaliyovuja handakini na kudondokea kihami cha reli ya tatu. Faini ikawa dola milioni 5.4. Tarehe 7 Oktoba 2017 mvua ilijaza maji katika handaki karibu na kituo cha Bishan, na usafiri katika sehemu hiyo haukurudi mpaka siku ya pili yake. Pampu za kuondoa maji zilikuwapo, lakini swichi za boya, ambazo huinuka pamoja na maji na kuiwasha pampu, hazikufanya kazi.

Kisa hicho cha pampu kinastahili kufikiriwa na kila mwanafunzi anayeandika daftari la maabara. Ilibainika kwamba matunzo ya pampu yaliyopangwa kufanyika Desemba 2016, Machi 2017 na Juni 2017 yalitiwa sahihi kuwa yamefanyika, ilhali hayakufanyika. Baadhi ya wafanyakazi walifukuzwa. Bwana Kuek alizungumzia matatizo ya utamaduni wa kazi yaliyoota mizizi katika kampuni, na maneno hayo yaliwaudhi wananchi wengi, kwa kuwa waliona lawama inateremshwa ngazi hadi kwa fundi mwenye spana. Mimi nadhani waliona sawa, ingawa si kwa sababu waliyoitaja. Fundi aliyeandika uongo alikosa, na kosa lake halifutiki. Lakini yeyote aliyesoma fizikia ya kidato cha pili anajua kwamba kipimo kisichopimwa mara ya pili na mtu mwingine ni maneno tu. Kama kwa miezi 6 hakuna mkubwa hata mmoja aliyeshuka kumimina ndoo ya maji shimoni aone kama pampu itawaka, basi uongo huo ulitengenezewa mahali pa kukaa.

Tukio la kufundisha kupita yote lilitokea asubuhi ya tarehe 25 Septemba 2024. Treni moja ya kizazi cha kwanza, iliyoundwa na kampuni ya Kawasaki ya Japani na kutumika kwa zaidi ya miaka 35, ilionekana ikitoa moshi. Abiria waliteremshwa na treni ikaanza safari ya kurudi karakana. Njiani, karibu na kituo cha Dover, kasha moja la ekseli lilianguka, magurudumu yakaacha reli, na treni ikaburuza uharibifu kwa kiasi cha kilomita 2.5. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo sehemu hiyo ya njia ilifungwa siku 6.

Kasha la ekseli hubeba beringi, na beringi haiwezi kuishi bila grisi. Grisi ni utando mwembamba unaozuia chuma kisisuguane na chuma kingine. Haidumu milele: joto huikausha, vumbi na chembe za chuma huichafua, na kadiri inavyochakaa ndivyo msuguano unavyozidi, msuguano ukazaa joto, joto likaiharibu grisi iliyobakia. Ni duara ambalo likishaanza huenda mbio. Uchunguzi uliotangazwa Juni 2025 uliona kwamba chanzo kilichoelekea zaidi ni kuchakaa kwa grisi. Kifaa kilichowekwa kando ya njia kupima joto la makasha kilikuwa kimehisi joto lisilo la kawaida, lakini kwa hitilafu ya mfumo hakikutaja ni treni ipi, na onyo likachukuliwa kuwa ni kosa la kifaa.

Sasa tufike penye uamuzi. Makasha ya treni hizo yalipaswa kufunguliwa na kukarabatiwa kila baada ya kilomita 500,000. Treni mpya zilizotazamiwa kuchukua nafasi yake zilichelewa, kwa sababu janga la UVIKO-19 lilivuruga viwanda na usafirishaji. Kampuni ikaurefusha muda wa ukarabati kwa awamu: kwanza kilomita 575,000, kisha 750,000. Treni iliyoharibika ilikuwa imekwenda kiasi cha kilomita 690,000 tangu ukarabati wake wa mwisho. Mamlaka ya Usafiri wa Nchi Kavu ilisema kuwa upimaji wa kihandisi na wa hatari kabla ya kurefusha muda ulipaswa kuwa wa kina zaidi.

Walimu wa hisabati wanaweza kuichukua tarakimu hiyo wakaifanyie kazi ubaoni. Tuchukue gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 85. Mzingo wake ni kama mita 2.67. Kilomita 500,000 ni mizunguko milioni 187. Kilomita 750,000 ni mizunguko milioni 281. Tofauti ya mizunguko milioni 94 haikuongezwa na fundi, wala na dereva. Iliongezwa mezani, kwa kalamu, na watu wenye mamlaka ya kuiongeza. Kila mzunguko wa ziada ulikuwa jaribio linaloendeshwa juu ya beringi moja kwa moja, pamoja na abiria waliokaa juu yake bila kuulizwa.

Sisemi kwamba muda wa ukarabati usirefushwe kamwe. Viwanda vingi duniani huurefusha kwa busara, baada ya kufungua makasha kadhaa katika kila hatua, kuipima grisi, kuhesabu chembe za chuma zilizomo, na kuchora grafu ya uchakavu dhidi ya umbali. Kufanya hivyo ni sayansi. Kurefusha kwa kuwa hakuna kilichovunjika mpaka jana ni kubahatisha, hata kama karatasi ina mihuri mitatu. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumezoea kuutaja msemo huu katika kila hotuba ya matengenezo; lakini msemo huo unamzungumzia mtu anayeuona ufa. Beringi haina ufa wa kuonekana. Imefungiwa kasha, inazunguka gizani, na ushahidi wa hali yake hupatikana kwa yule tu aliyekubali kulipa gharama ya kuifungua.

Ndiyo maana swali la abiria wenye hasira, yaani "Nani ajiuzulu?", naliona jepesi mno. Mkurugenzi akiulizwa hivyo aweza kujibu kwa heshima, akainama, akaenda zake, na jalada likafungwa pamoja naye. Aulizwe hivi: Nani aliidhinisha muda huu? Kwa vipimo gani? Ni makasha mangapi yaliyofunguliwa, na yalionekanaje? Maswali haya hayana njia ya kutokea ila kwa majibu, na asiye na majibu ndiye wa kuondoka.

Faini nayo ina udhaifu wake. Mwaka 2014 sheria ya Singapore ilibadilishwa ili faini iweze kufika asilimia 10 ya mapato ya nauli ya mwaka ya njia husika, badala ya kikomo cha dola milioni 1 kwa tukio. Lakini tangu mwishoni mwa 2016 kampuni ya SMRT imekuwa mali kamili ya Temasek, shirika la uwekezaji la serikali. Kwa tukio la 2024 kampuni ilitozwa dola milioni 2.4, yaani fedha zilizotoka mkoba mmoja wa umma kuingia mwingine.

Kilichoibadili hali ya reli ile, kwa kadiri ilivyobadilika, kilikuwa kazi ya mikono. Mataruma ya mbao zaidi ya 188,000 yalibadilishwa kwa ya zege mpaka kufikia mwisho wa 2016. Reli ya tatu ilibadilishwa. Kuanzia Desemba 2017 vituo vingine vilifungwa mapema usiku na kufunguliwa kwa kuchelewa asubuhi, kwa kuwa mafundi walikuwa wakipata kiasi cha saa 3 tu za kufanya kazi kabla treni hazijarudi njiani. Wastani wa umbali ambao treni huenda kabla ya hitilafu inayochelewesha safari kwa zaidi ya dakika 5 ulipanda kutoka kiasi cha kilomita 133,000 mwaka 2015 hadi zaidi ya kilomita milioni 1 mwaka 2019. Wastani, hata hivyo, ni wastani: kasha la Dover lilianguka miaka 5 baadaye.

Tunaandika haya Tanzania, nchi ambayo tangu Agosti 2024 ina treni za umeme zilizozinduliwa rasmi kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Umeme wetu hutoka katika nyaya za juu wala si reli ya tatu, na treni zetu ni changa ilhali ile ya Singapore ilikuwa kongwe. Beringi na grisi, hata hivyo, hufuata kanuni zile zile. Treni ikiwa mpya, si vigumu kumpata kiongozi mwenye fahari; miaka 15 ya mbele, vipuri vitakapochelewa bandarini na bajeti ikapungua, mtu atapelekewa karatasi ya kurefusha muda wa ukarabati. Huyo yamkini leo yuko kidato cha tatu. Ningependa kabla ya siku hiyo tuwe tumezoea kuona tarakimu hizi zikichapishwa hadharani kila mwaka: umbali baina ya hitilafu, muda uliopangwa wa ukarabati, muda uliotumika kweli, na jina la cheo kilichoidhinisha tofauti kati ya hayo mawili.