Huo Mtutu Uacheni na Kutu Yake

Makaa yalikuwa yameshaiva. Fundi alikuwa na koleo mkononi, binamu yangu anarekodi kwa simu, na juu ya benchi pale Litein ulilala mtutu wa kogo, chuma cheusi cha urefu wa mita moja hivi ambacho maisha yangu yote nimekijua kama komeo la ghala la mahindi. Mpango wao ulikuwa hivi: upashwe moto unyooshwe pale ulipopinda, kutu yote iondolewe kwa grinda, uchongewe kitako kipya cha mti, utiwe mtambo wa kufyatulia, na siku ya sherehe ya utamaduni mwezi wa Desemba "raifo ya mababu" ipigwe mara moja hewani. Watu wapige vigelegele. Video iende.

Mimi nikauliza tu, ndani kuna nini?

Wakacheka. Nikachukua kijiti kilichonyooka, nikakisukuma kutoka mdomoni mpaka kikakwama, nikakitia alama, kisha nikakilaza kando ya mtutu kwa nje. Kiliishia vidole vinne kabla ya kile kitundu cha pembeni ambacho moto hupitia. Yaani kulikuwa na kitu kimekaa pale nyuma, mahali hasa pa baruti. Huenda ni matope. Huenda ni kiota cha nyigu. Na huenda ni baruti ambayo mtu aliishindilia zaidi ya miaka mia iliyopita akasahau, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Fundi, ambaye ana akili kuliko sisi wote, alirudisha koleo mezani na kuutumbukiza mtutu kwenye pipa la maji bila kusema neno. Siku tatu baadaye alivuta kwa ndoano ya waya: tope jeusi, kitambaa kilichooza, na vipande vitatu vya risasi ya kijivu.

Tangu hapo nimekuwa adui wa ukoo. Ati napinga utamaduni. Ati niliacha chuo mwaka wa pili, sasa nimejifanya profesa wa vyuma. Sawa. Niliacha kwa sababu ya ada, si kwa kukosa macho, na mtutu unasomwa kwa macho.

Kwanza, huo si raifo. Raifo ina mifereji ndani inayojipinda kutoka nyuma hadi mdomoni, ndiyo inayoizungusha risasi iende mbali na iende sawa. Mulika tochi ndani ya huu wa kogo: laini kama glasi iliyopata ndui. Ni gobore, na kwa kuwa lina kitundu tu, bila chuchu ya kuvalisha fataki, ni gumegume, bunduki ya kuwashwa kwa cheche ya jiwe. Pili, si paipu ya maji, jambo ambalo si la kudharau, maana nimeshaonyeshwa "bunduki za vita" mbili katika nchi hii ya chai ambazo zilikuwa paipu tupu. Paipu ina unene uleule mwanzo hadi mwisho. Mtutu wa kweli ni mnene nyuma, baruti inapolipukia, na unapungua kuelekea mdomoni. Huu unapungua.

Tatu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo, nyuma upande wa kushoto kulikuwa na mihuri. Nasema kulikuwa, kwa sababu kabla sijafika mtu alikuwa ameshajaribu grinda "kuona kama chuma ni kizuri". Kilichobaki ni taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana, nusu yake, na tarakimu 14. Huo ni mhuri wa nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge la Uingereza mwaka 1813. Mtutu ulijazwa baruti kupita kiasi, ukapigwa, na usipopasuka ukagongwa muhuri. Ile 14 ni upana: goroli 14 za risasi zinazoingia mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Mihuri ya Birmingham ilibadilishwa mwaka 1904, kwa hiyo tunajua huu ulijaribiwa kabla ya hapo. Ungekuwa wa Liège kule Ubelgiji, tungeona herufi ELG ndani ya duara lililobanwa. Ile nusu nyingine ya mihuri pengine ingetuambia zaidi. Iko sakafuni kwa fundi, ni vumbi.

Sasa binamu anasema, kwani Birmingham inahusu nini, si babu ndiye aliyeibeba? Inahusu kila kitu. Jeshi la Uingereza lilianza kuachana na gumegume karibu mwaka 1840. Birmingham haikuacha kuzitengeneza. Iliendelea kwa miaka mingi, za kuletewa Afrika. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazwa kwa nyuma, yale makuukuu yote yalitafuta soko, na soko lilikuwa sisi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia kanda hii kila mwaka. Zilipanda bara na misafara ya pembe za ndovu, kwa njia zilizofika hadi Mumias. Mmoja ukateremka njiani, kwa kununuliwa au kunyang'anywa, ukaishia kwetu. Nani aliubeba, kogo hajui. Yeye aliukuta ukifunga ghala alipoolewa.

Halafu Julai 1890 wakubwa wakakutana Brussels, wakatia sahihi mkataba. Biashara ya watumwa ndiyo iliyotajwa juu, na humo ndani mkawa na silaha: kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zikapigwa marufuku kuuzwa kwa Waafrika. Wakaacha mlango mmoja mdogo kwa ruhusa ya serikali zao. Mlango wa nini? Wa gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida. Soma tena maelezo ya mtutu wa kogo hapo juu, kisha uniambie kama unapata usingizi.

Juni 1905 Wakipsigis wa Sotik waliendewa na kikosi cha KAR chini ya Pope-Hennessy. Wao walikuwa na mikuki, ngao na mishale. Kikosi kilikuwa na raifo na Maxim. Oktoba mwaka huohuo, kwa majirani zetu Wanandi, Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na Meinertzhagen akamwua. Mwaka 1934 Watalai wakatungiwa sheria yao peke yao ya kuhamishwa, wakatupwa Gwassi. Ardhi iliyobaki nyuma ya haya yote unaijua, ni hiyo ya kijani unayopiga selfie ukienda Kisumu.

Sasa niambieni, katika hadithi hiyo ile raifo ya babu inaingia wapi? Haiingii. Tukiuvalisha mtutu huu kitako kinachong'aa na kuupiga hewani, tunawaambia watoto kwamba tulipigana nao chuma kwa chuma, na bahati mbaya tukashindwa. Si bahati mbaya. Palikuwa na karatasi yenye sahihi iliyoamua nani atashika nini. Nadhani tunaona haya kwa ajili ya mikuki, hilo ndilo shida, na aibu hiyo si yetu kuibeba.

Kuna watakaosema nazidisha, kwamba ni maonyesho tu. Basi tuongee maonyesho. Mtutu wa aina hii ni bamba la chuma lililokunjwa na kuungwa kwa nyundo na moto. Kutu yake mbaya zaidi iko ndani nyuma, mahali jicho halifiki, na kusugua nje hakuponyi ndani. Mhuri wa Birmingham ulithibitisha siku moja ya karne ya kumi na tisa. Haukuthibitisha miaka yote ya kufunga ghala kwenye mvua za Kericho. Ukipigwa utapasuka karibu na uso wa anayepiga, na binamu ananiambia atapiga yeye mwenyewe. Nampenda huyo mjinga. Isitoshe, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu hata kipande cha bunduki kuwa bunduki, na kuunda silaha bila leseni ni kosa. Watani zetu wa Tanzania wanakamatwa kila siku na magobore ya kuundwa kijijini. Askari hawaulizi kama lilikuwa la utamaduni.

Wengine wanasema nadharau mafundi wetu. Huyu fundi aliyeutia mtutu majini bila kubishana? Mpeni kazi halisi. Atachonga gobore zima la mti, mwanzo hadi mwisho, lisilo na chuma hata kidogo, na mliandike wazi kwamba ni mfano. Watoto washike, wapige picha. Mtutu wenyewe ulale pembeni na kutu yake, na karatasi inayosema ulitoka wapi na kwa sababu gani.

Kitu kimoja zaidi, kidogo lakini kinaniuma. Sheria yetu ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inasema kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Mwaka 1895 ni mwaka Mwingereza alipotutangaza kuwa himaya yake. Yaani hata ukale wetu tunauhesabu kuanzia pale alipopiga hodi, na hakubisha hata hodi. Lakini kwa kuwa ndiyo sheria iliyopo, nitaitumia. Nimewaandikia watu wa makumbusho, nimetuma picha za ile nusu ya taji, na binamu nimempa kopi ya barua aweke kwenye video yake kama anataka.

Kogo hana maneno mengi. Alisikiliza habari za Brussels zote mpaka mwisho, akanimiminia mursik, akauliza ghala litafungwa na nini. Jumamosi nimemkatia mti wa mkaratusi. Anasema ni mwepesi mno.