Sumu Haina Pasi



Kila mtu wa reli aijua kanuni hii: katika njia moja, gari la moshi haliondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ijibu kwamba njia ni wazi. Kanuni hiyo ikivunjwa watu hufa.

Mataifa nayo yana kanuni kama hiyo juu ya takataka za sumu. Imo katika Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ulioanza kazi mwaka 1992, na Kenya imo ndani yake. Nchi inayotaka kupeleka takataka hizo nje lazima iziarifu kwa maandishi nchi itakayozipokea na zile zitakazopitiwa njiani, kisha ingoje jibu. Bila jibu, mzigo usiondoke.

Kanuni ni njema, lakini tazameni yaliyotokea mwaka 2006. Meli iitwayo Probo Koala ilifika Amsterdam, Uholanzi, ikiwa na takataka za mafuta. Zilipoanza kushushwa zilinuka vibaya mno, na kampuni ya kuzisafisha ikataka malipo makubwa zaidi. Basi zikarudishwa melini, na wakubwa wa pale wakaiacha meli iende bila kuhakikisha zitashushwa wapi. Ilipita Estonia, ikapita Nigeria, na mwezi wa Agosti ikafika Abidjan, nchi ya Kodivaa. Huko takataka zilipakiwa katika malori, zikamwagwa mahali mbalimbali mjini. Watu zaidi ya 100,000 walitafuta matibabu, na wengine walikufa.

Nchi hizo nne zote zilikuwa katika Mkataba. Karatasi ilikuwapo, iliyokosekana ni stesheni kuulizana. Mwaka 2010 mahakama ya Uholanzi iliitoza kampuni ya Trafigura, iliyokodi meli ile, faini ya euro milioni 1 kwa kupeleka takataka nje kinyume cha sheria. Lakini kesi hiyo haikuhusu kumwagwa kwa takataka kule Abidjan. Mkosaji huvuka mpaka kwa siku moja. Askari wa sheria husimama mpakani.

Wako wenzetu wasemao kwamba mambo haya ni ya wakubwa, sisi tutafute mshahara tu. Nawauliza: ni nani afunguaye behewa? Ni nani aendeshaye lori? Sumu hugusa kwanza mkono wa kuli, ndipo ifike kwingine.

Mombasa ni mlango wa Uganda, Rwanda na Sudan Kusini pia. Sheria yetu ya Mazingira ya 1999 yakataza kuingiza takataka za sumu nchini. Lakini sheria ya nchi moja haitoshi, maana mzigo ukikataliwa hapa waweza kujaribu bandari ya jirani. Kwa hiyo watu wa mazingira, wa forodha na wa bandari wa nchi hizi hawana budi kupeana habari mzigo ungali njiani, si baada ya watu kuugua. Bandari moja ikikataa, zote zijue siku ile ile.

Na chama chetu kidai mambo mawili: mfanyakazi aambiwe kilichomo katika mzigo kabla hajaugusa, na atakayetoa habari ya mzigo wa mashaka asifukuzwe kazi. Maofisa wana simu na karatasi, lakini sisi ndio tulio karibu na mzigo. Wakitaka kuikamata sumu, watuulize na sisi.