Jinsia kwa Fomu, Kitambulisho kwa Mahojiano

Ndugu yangu, hebu fikiria nchi ambayo mtu mzima anabadilisha jinsia kwenye stakabadhi kwa kujaza fomu tu. Ziko: Argentina tangu 2012, Ujerumani tangu Novemba 2024, bila daktari wala korti. Mimi dini yangu hainiruhusu kushangilia hilo, na sitajifanya. Lakini usikimbilie matusi. Fiqhi yetu inamjua huntha tangu zamani, hadi mirathi yake ikapigiwa hesabu. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu 1,524. Huyo hajabadilisha kitu, wallahi, ameumbwa hivyo. Akienda kutafuta kitambulisho, maswali hayaishi. Sasa wewe uliyeambiwa ulete cheti cha babu yako ndio uaminike ni Mkenya, kweli utamcheka huyo kwenye laini?