Orodha isiyo ya michango

Mzazi mwenzangu, fungua sasa hivi kundi la ukoo wako kwenye simu, pandisha juu ujumbe wa mwezi mzima, kisha niambie umekuta nini. Tanzia. Picha ya waridi yenye "asubuhi njema". Video ya mjomba ambayo umeshaipokea mara nne. Katikati ya hayo, orodha ndefu ya mchango wa harusi au msiba: jina, ahadi, na alama ya tiki kwa aliyelipa. Watoto wetu wanaoshika simu zetu jioni wanaliona kundi hilo, na wanachojifunza humo ni kwamba ndugu ni watu wanaokufa, wanaooa na wanaodaiwa.

Sina ugomvi na michango, imetuzika na kutuozesha sote. Ninachotaka kusema ni kwamba imetufanya mafundi wa kutengeneza orodha kwa pamoja. Kila mtu anajua: nakili, ongeza jina lako chini, bandika, tuma. Hata shangazi asiyejua kubadilisha picha yake anajua hilo. Ufundi huo unatosha kabisa kwa mchezo, tena mchezo usiohitaji programu mpya wala bando kubwa, maana ni maandishi matupu.

Unachezwa hivi. Mtu mmoja anatoa kichwa cha orodha, tuseme vyakula kuanzia A hadi Z. Kila mmoja anaongeza kimoja. Hakuna kurudia kilichokwisha kutajwa, na hakuna kuongeza tena mpaka mwingine apite. Hakuna mshindi, kazi ni kuijaza orodha. Wazee wetu walikuwa na kitu cha namna hii kwenye vitendawili: ukishindwa unaombwa mji, na huwezi kutoa mji usioujua. Watoto walijifunza Tanga, Kilwa na Ujiji kwa kushindwa.

Tatizo la kwanza mtakalokutana nalo mnalifahamu tayari. Watu wawili wananakili orodha kwa wakati mmoja, kila mmoja anaongeza chake, na aliyetuma mwisho anamfuta mwenzake bila kujua. Kwenye mchango jambo hilo huzaa simu za usiku: "Mbona jina langu halipo na elfu hamsini nimetuma?" Kwenye mchezo huzaa mtoto anayenuna. Dawa ni kuacha kunakili. Kila mtu atume neno lake tu, na awepo karani mmoja wa kukusanya yote jioni na kutuma orodha nzima mara moja.

Na karani awe mtoto. Hapa sina mjadala.

Nitawapa mfano wa familia moja ninayoifahamu. Wametengeneza kundi la pembeni, nje ya kundi la ukoo, ili tanzia zisiingiliane na mchezo. Karani ni binti wa darasa la sita anayetumia simu ya mama yake baada ya chakula cha jioni, mama akiwa pembeni, maana masharti ya WhatsApp yenyewe yanataka mtu awe na miaka 13 ndipo afungue akaunti. Bibi yake yuko Muheza na ana simu ya kitochi, kwa hiyo yeye hutoa neno lake kwa kupiga. Siku ya herufi ya T binti akalazimika kumwambia: "Bibi, shikamoo. Tangawizi ameshaitaja baba mdogo, naomba utafute nyingine." Bibi akajibu: "Marahaba mjukuu wangu. Basi andika tembele." Binti alikuwa akiyajua matembele yakiwa mafungu sokoni; hakujua kwamba ni majani ya viazi vitamu. Simu ile ilichukua robo saa.

Kabla ya hapo, anasema mama yake, mazungumzo ya bibi na mjukuu yalikuwa ya sekunde kumi. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, mpe mama. Wengi wetu tuna watoto wa namna hii, na huwa tunasema hawana heshima au hawapendi ndugu. Mara nyingi hawana la kusema tu. Ukimpa mtoto sababu ya kumpigia mtu mzima, tena sababu ambayo mtu mzima ndiye mwenye jibu, mlango unafunguka wenyewe.

Mkichukua orodha ya A hadi Z mtagundua kwamba lugha yetu ina ngazi zake. Hatuna Q wala X, na C haisimami bila H. Ukiihesabu CH kuwa moja, na SH, NY na wenzake ukawaacha ndani ya herufi zao za kwanza, unabaki na hatua 24. Kwenye vyakula, nyingi ni nyepesi: embe, iliki, ugali, yai, zambarau. Familia hii ilikwama kwenye O kwa siku mbili. Shemeji aliyeko Kisumu akaandika omena. Ndugu wa Mwanza wakaja juu: hiyo ni dagaa, na D imeshajazwa! Wote wanakula samaki yule yule wa ziwa lile lile. Karani akaamua kwamba jina ni la anayekula, omena ikakaa. Uamuzi huo ukafungua njia kwa mama mdogo wa Unguja, akaleta tungule, mbatata na boflo, na watoto wa bara wakabaki wanauliza hivyo ni vyakula gani. Ni nyanya, viazi mviringo na mkate.

Mchezo mwingine mzuri ni wa mnyororo, neno linaanzia pale la kwanza lilipoishia. Watoto wakifundishwa shuleni kwa Kiingereza huufanya kwa herufi ya mwisho. Kwa Kiswahili haufai, kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu na mtazunguka kwenye a, e, i, o, u mpaka mchoke. Tumieni silabi. Daftari, riziki, kiatu, tumbili, likizo, zoezi, ziwa, wali. Wajapani wana mchezo wao wa hivyo unaoitwa shiritori, nao huenda kwa silabi. Anayetaja neno linaloishia na sauti ya n ameshindwa, kwa sababu mwenzake hana pa kuanzia. Sisi sheria yetu iwe kukataa maneno ya wingi. La sivyo, kila atakayekwama kwenye "wa" ataandika watu, walimu, wapishi, mpaka kuchee.

Kama mnaweza kuchagua kichwa kimoja tu mwezi huu, chagueni kile ambacho mkubwa mmoja wa ukoo anakijua kuliko wote. Familia ile ile ina babu aliyefanya kazi reli. Tangu arobaini ya mkewe, babu alikuwa hajaandika hata neno kwenye kundi lolote. Alikuwa akisoma tu, zile alama mbili za bluu zikionekana. Wajukuu wakaanzisha orodha ya stesheni za reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Mwanzo walienda haraka, kwa kuwa treni ya umeme imewazoesha majina: Pugu, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, Kilosa. Baada ya hapo kijana mmoja akaandika Mpwapwa.

Babu akatuma ujumbe wa sauti. Mpwapwa haiko relini, alisema, anayekwenda Mpwapwa anashukia Gulwe kisha anatafuta gari. Akaendelea. Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Uvinza, hadi Kigoma ambako reli ilifika mwaka 1914, kabla hata ya yeye kuzaliwa. Akasema ni wapi treni ilikuwa ikisimama usiku wa manane na abiria wakanunua kuku dirishani bila kuona rangi yake. Ujumbe ulikuwa wa dakika sita. Binti zake, ambao kwa miezi walikuwa wakiulizana kwa siri kama baba anakula vizuri, waliusikiliza mara mbili mbili. Kesho yake alipouliza mbona orodha haijakamilika, hakuna aliyemjibu kwamba ni mchezo tu.

Sasa nije kwenye upande usiopendeza, maana upo.

Wakubwa tunacheka vibaya. Kwenye orodha ya samaki, mvulana wa darasa la nne aliandika nyangumi. Baba mkubwa akaweka vikatuni saba vya kucheka na kuandika, "Siku hizi shuleni mnafundishwa nini?" Ndugu wengine wakafuata kwa vicheko vyao. Mtoto alirudisha simu kwa mama yake na hakuigusa tena wiki nzima. Alipoulizwa alisema mchezo hauna maana. Ni kweli nyangumi si samaki, ni mnyama anayenyonyesha. Lakini mtoto aliyefikia nyangumi alikuwa amefikiri. Anaishi baharini, ana mapezi, anaogelea. Angeulizwa tu, "Nyangumi anapumuaje?" angeenda kutafuta, akarudi na jibu, na pengine akamfundisha baba mkubwa.

Kwa hiyo wekeni sheria kabla hamjaanza: jibu la mtu linapingwa kwa swali, si kwa kicheko. Mwenye kuvunja sheria hiyo aambiwe na mkubwa mwenzake, pembeni, kwa simu. Mtoto hawezi kumwambia baba yake mkubwa kwamba amemuumiza, na wala tusimtarajie aweze.

Zawadi nazipinga. Nimeona watu wakiweka vocha kwa atakayetaja mengi, na jioni ile ile kila mtu anakuwa mtaalamu wa miji ya Peru. Google imeingia, bibi wa Muheza ametoka.

Jambo la kuogopa hasa ni orodha zinazotoka nje. Zinafika zikiwa zimevaa nguo za mchezo: "Andika shule yako ya kwanza, mtaa uliokulia, jina la mama yako kabla hajaolewa, mwaka uliozaliwa, kisha watumie marafiki kumi." Soma tena maswali hayo taratibu. Ndiyo maswali ambayo akaunti nyingi huyauliza mtu anaposahau nywila. Anayekusanya majibu hayo kutoka kwa mtoto wako hachezi. Vilevile mtoto aambiwe wazi kwamba mtu yeyote, hata akitumia jina na picha ya shangazi, akiomba zile namba sita zilizoingia kwa ujumbe mfupi, hapewi. Namba hizo ndizo ufunguo wa akaunti ya WhatsApp. Mwenye kuzipata anaihamishia kwenye simu yake, na kesho ndugu zako wote wanaombwa hela kwa jina lako.

Kundi la mchezo liwe na watu mnaofahamiana kwa sura, na msimamizi awe mzazi. Kiungo cha kualika kisirushwe ovyo. Ikifika saa tatu usiku, msimamizi anaweza kubadilisha mpangilio ili wasimamizi pekee watume ujumbe, na simu zinanyamaza mpaka kesho. Hii inamsaidia pia mjomba wa Muscat, aliyetutangulia kwa saa moja na ana zamu ya alfajiri.

Muda? Dakika 15 zinatosha, na kuna siku hakuna atakayeandika kitu. Msibembelezane. Orodha ikilala wiki nzima karani anaifunga na kufungua nyingine. Zile zilizokamilika, binti wa familia hii huzinakili kwa kalamu kwenye daftari la mistari, pamoja na jina la aliyetoa kila neno, kwa sababu simu ya mama yake ilishawahi kuibwa kwenye daladala na kila kitu kilipotea.

Wiki hii wanaorodhesha vitu vyote vilivyokuwa ndani ya kabati la vyombo la bibi, lile ambalo watoto walikatazwa kuligusa. Wamefika kitu cha 19. Bibi anasema bado hata droo ya juu hawajaimaliza.