Sikio la Askari ni Silaha

Mwananchi aliyevamiwa na majambazi usiku wa manane hana bunduki wala ngao. Silaha aliyo nayo ni simu yake, na msaada wake wa kwanza ni sauti ya mtu asiyemjua, itakayomjibu apigapo namba 999 au 112. Ikiwa sauti hiyo ni ya mtu mtulivu aliyefunzwa kazi yake, gari la doria litaelekezwa panapostahili. Ikiwa ni ya mtu mwenye hasira, au asiyejua la kuuliza, basi gari zima, mafuta tele na askari shujaa havitafaa kitu, kwa maana hakuna awezaye kwenda asikokujua.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kuzungumza na ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na usalama juu ya kazi ambayo baadhi ya watu huidharau, nayo ni kazi ya kupokea simu za wananchi. Wako wanaoiona kuwa ni kazi ya kukaa kivulini, ya kupewa mtu aliyekosa pa kuwekwa, au hata adhabu ya mwenye makosa. Rai yetu ni kwamba mpokeaji simu hana budi kuchaguliwa na kufunzwa kwa makini yale yale anayochaguliwa na kufunzwa mshika bunduki.

Jambo hili lina historia yake. Mwezi wa Novemba 1935 nyumba moja iliungua katika mtaa wa Wimpole mjini London, na wanawake watano wakapoteza maisha. Jirani aliyeuona moto aliwahi kupiga simu kuwaita wazima moto, lakini simu yake ikasubirishwa kituoni pamoja na simu nyingine za kawaida. Kutokana na msiba huo, tarehe 30 Juni 1937, namba 999 ilianzishwa mjini humo. Hata hivyo namba peke yake haikutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Salt Lake City nchini Marekani, daktari Jeff Clawson alitunga kadi zenye maswali ya kumwuliza apigaye simu na maagizo ya kumpa wakati gari la wagonjwa likiwa njiani. Tangu hapo imedhihirika kwamba mpokeaji simu si tarishi wa kupeleka habari tu. Yeye ndiye mwokozi wa kwanza kufika.

Je, mtu wa kazi hiyo achaguliweje? Isiwe kwa urefu wa kimo wala kwa undugu. Asikilizishwe sauti ya mtu anayelia na kusema ovyo, kisha aandike alichosikia. Atajiwe namba ya gari mara moja tu, naye airudie bila kukosea. Atukanwe, tuone kama atabaki na adabu yake. Tena aulizwe lugha azijuazo. Nchi yetu ya Uganda ina lugha nyingi, na mtu aliyeshikwa na hofu hukimbilia lugha ya mama yake. Katika kila zamu pasikosekane mwenye kusikia Kiganda, Kiacholi, Kilugbara au Kinyankole, kwa kadiri ya mahali kilipo kituo, wala pasikosekane Kiswahili, ambacho Katiba yetu imekitambua tangu mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Aidha zamu zisikose wanawake, kwa kuwa yako mambo ambayo mwanamke aliyedhulumiwa ataweza kumweleza mwanamke mwenzake tu.

Baada ya kuchaguliwa huja mafunzo. Kuruta wa Kabalye au wa Kaweweta hapewi risasi siku ya kwanza, na mpokeaji simu naye asiachiwe simu siku ya kwanza. Kwanza ajifunze mpango wa maswali: uko wapi, kumetokea nini, nani ameumia, nani ana silaha, waliotenda wameelekea wapi. Swali la mahali hutangulia yote, kwa sababu simu ikikatika baada ya jibu hilo, askari watajua pa kwenda. Mtu akisema yuko Katwe, mpokeaji ahakikishe ni Katwe ya Kampala au ni Katwe ya Kasese, kwenye ziwa la chumvi, maana kati ya hizo mbili pana zaidi ya kilomita 300. Wahenga walisema kawia ufike. Sekunde chache za kuuliza huokoa saa nzima ya kupotea.

Pili, afunzwe sauti. Sauti ya gwarideni haifai simuni. Mama ambaye mtoto wake hapumui hasaidiwi kwa amri ya kufokewa, bali kwa maneno mafupi, ya upole, yanayorudiwa. Tatu, aketi majuma kadhaa kando ya mzoefu, akisikiliza na kuandika, kabla ya kuongoza simu mwenyewe. Nne, afunzwe kwamba kila simu ni ya kweli hadi itakapothibitika vingine. Watoto huchezea simu, ndiyo. Lakini hata simu yenye ukimya yaweza kuwa ya mtu aliyejificha chini ya kitanda asiyeweza kunena. Tano, na hili tunalisisitiza, afunzwe kutunza siri. Jina la raia aliyemtaja mhalifu likivuja kutoka kwenye chumba cha mawasiliano, raia huyo ametiwa mikononi mwa adui, na kijiji kizima kitafunga mdomo.

Tutazame jinsi wafanyavyo wengine. Tangu huduma ya pesa za simu ilipoanza nchini mwaka 2009, vijana wengi wameajiriwa kujibu malalamiko ya wateja. Katika kazi hiyo ni kawaida kijana kusailiwa, kufunzwa, na mazungumzo yake kusikilizwa na msimamizi ili arekebishwe. Hayo hufanywa ili mteja asipoteze shilingi zake. Je, yafaa tufanye pungufu ya hayo pale ambapo kinachoweza kupotea ni roho ya mtu?

Tunalo pendekezo moja zaidi kwa wakuu wanaohusika. Wako askari waliojeruhiwa wakiitetea nchi, miongoni mwao wale wanaotunzwa katika kituo cha Mubende. Aliyekatwa mguu hakukatwa sikio wala ulimi. Askari aliyewahi kutoa taarifa kwa redio huku risasi zikipita juu ya kichwa chake anajua kusema machache yaliyo wazi, na anajua thamani ya msaada unaofika kwa wakati. Wenye moyo na kipawa kati yao wasailiwe na kufunzwa kama wengine, bila kupendelewa na bila kuonewa huruma. Kazi hii itawarudishia heshima ya utumishi, nayo nchi itapata watu waliokwisha kupikwa na shida.

Kwa askari ambaye leo usiku yuko zamu kwenye simu, tunasema hivi: afande, usijione umewekwa kando ya vita. Anayekupigia hatauona uso wako wala cheo begani mwako, na huenda asilijue jina lako maisha yake yote. Kwake yeye, jeshi zima la polisi na serikali yote ni ile sauti yako. Inua simu mapema, uliza vema, sikiliza hadi mwisho.