KONA YA MICHEZO: Ekrani ya halali na ekrani ya makosa

Mwezi huu tunaongea juu ya basketi, tena juu ya kitu kimoja tu kinacholeta kelele kila mara: ekrani. Wakongomani wanasema ekrani, watoto waliosomea hapa Malawi wanasema skrini. Ni jambo lilelile. Mchezaji asiye na mpira anasimama njiani mwa mpinzani ili mwenzake apate nafasi ya kupita au kutupa.

Mama akiwa pembeni anaona mtoto wake amegonga kifua cha mtu, ameanguka chini, na refa hapigi filimbi. Hapo maneno yanaanza: "Refa ni wa kwao!" Na tukishafika kwenye "wa kwao", wote tunajua inakoelekea. Mpira unasahaulika, linabaki kabila. Ndiyo maana tunataka familia nzima ijue sheria, si wachezaji peke yao.

Sheria za FIBA zinasema hivi: anayeweka ekrani awe amesimama tuli wakati wa kugongana, miguu yote miwili iko chini, na mwili wake umebaki ndani ya nafasi yake. Fikiria pipa lisiloonekana limemzunguka. Mikono kifuani kujilinda, sawa. Kiwiko kikitoka nje ya pipa, nyonga ikisukumwa pembeni au goti likitegwa, hilo ni kosa lake. Lakini kama amesimama vizuri na wewe ukamvaa, kosa ni lako. Kumbe yule mtoto aliyeanguka anaweza kuwa ndiye mwenye kosa! Tunajua inauma kusikia.

Kuna pia habari ya umbali. Mpinzani amesimama na anakuona, mbele au pembeni? Msogelee utakavyo, bora usimguse. Uko mgongoni mwake? Mwachie hatua moja ya kawaida. Anakimbia? Mwachie nafasi ya kusimama au kugeuka, isiyopungua hatua moja, wala hudaiwi zaidi ya mbili. Hii ya mgongoni ndiyo inatutia hofu zaidi, maana mtu akigeuka na kukuta ukuta puani, anaweza kuvunjika meno.

Kosa tunaloliona sana ni ekrani inayotembea. Kijana amesimama vizuri kabisa, beki anataka kupita pembeni, naye anamfuata na bega. Filimbi! Anaandikiwa kosa, mpira unakwenda upande wa pili. Makosa matano, anatoka. Tangu 2023, serikali ilipowarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, safari ya Lilongwe si ya mchezo. Utafute ruhusa, utafute nauli ya minibasi kupita Kanengo hadi mjini, halafu ukakae benchi kwa sababu ya bega? Hapana, bwana.

Vijana watatuambia kwamba bila nguvu huwezi kushinda. Sudan Kusini, ambayo shirikisho lake lilikuwa chini ya Luol Deng, aliyekuwa mkimbizi Misri utotoni, iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki ya Paris, tarehe 28 Julai 2024. Mkipata video ya mchezo ule kwenye simu, msiangalie mwenye mpira. Angalieni yule mrefu anayekuja kusimama ili kumfungulia njia, na miguu yake.

Neno la mwisho ni kwa makocha. Ekrani ya mgongoni huonwa na mwenzako kabla yako, kwa hiyo lazima apige kelele. Sasa kwenye ekipe moja huyu anaita kwa Kirundi, yule kwa Kifaransa, mwingine kwa Kichewa, na beki haelewi mpaka ameshagongwa. Chagueni neno moja la kulia na moja la kushoto, na liwe hilohilo mazoezini na kwenye mechi.